Jumatano ya bakajani

Mwaka 2023 nilikuwa nikiishi Ilboru, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, na kila Jumapili jioni tulikutana watu wanne katika kibaraza cha bibi mmoja jirani yangu, muuguzi mstaafu, tukapeana habari za bustani. Hakuna hata mmoja wetu aliyelima kwa ajili ya kuuza. Mwalimu alikuwa na karoti na figili, fundi seremala alikuza pilipili hoho katika ndoo kuukuu alizozitoboa matako, na Bibi alikuwa na nyanya. Mbegu zake zilikuwa za Tanya, aina iliyotolewa mwaka 1997 na watafiti wa pale Tengeru, na kwa kuwa si chotara alizikamua mwenyewe kila msimu: aliziacha kwenye kikombe siku mbili tatu mpaka ute ukaachia, akaziosha, kisha akazianika kivulini juu ya gazeti. Mwezi wa tisa alinigawia sehemu yake katika bahasha ndogo ya kaki, ile ya kuwekea vidonge, akiwa ameandika tarehe ya kuvuna kwa mwandiko uleule aliokuwa akiwaandikia wagonjwa.

Agosti ya mwaka huo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kwamba mvua za vuli zingezidi wastani kwa sababu ya El Niño, na tangu hapo hatukuwa na mazungumzo mengine. Bibi alituhimiza tuinue matuta, tutandaze nyasi kavu ili matone yasirushe udongo kwenye majani, tukate majani ya chini, na tuache sentimita 60 kati ya mche na mche ili upepo upite. "Kinachoiua nyanya huku kwetu si mvua ya mchana, mwanangu," aliniambia, "ni kulala majani yakiwa yamelowa." Niliyafuata yote isipokuwa nafasi. Nilikuwa na miche 40 iliyonawiri, na sikuwa na moyo wa kumpa mtu hata mmoja, kwa hiyo niliibananisha yote kwenye matuta mawili ambayo kwa haki yangetosha miche 20.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba hatukuzungumzia bustani kabisa. Asubuhi ya siku hiyo maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalikuwa yameivamia Katesh, na tulikaa tukisikiliza redio bila kusema neno, kwa sababu fundi alikuwa na ndugu upande ule na simu zao zilikuwa hazipatikani.

Jumatano iliyofuata nilitoka alfajiri kutazama nyanya zangu. Ukungu wa mlimani ulikuwa haujainuka. Kwenye mche wa katikati, mahali palipobanana zaidi, niliona jani lenye doa la kijani kilichokolea, kana kwamba limemwagiwa mafuta, na nilipoligeuza nikakuta pembeni mwa doa utando mweupe, mwembamba kama vumbi la unga. Shina lake lilikuwa na baka la kahawia lenye urefu wa kidole. Nililijua. Bibi alikuwa ametueleza mara nyingi jinsi bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu wa nyanya na viazi, inavyoanza na jinsi inavyoweza kumaliza shamba ndani ya siku chache, mvua na baridi vikiandamana.

Nililikata jani lile, nikalifunga katika mfuko, na sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba katika wiki ambayo watu walikuwa wakizika watoto wao Katesh lingekuwa jambo la aibu kugonga mlango wa mtu kwa ajili ya nyanya. Sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini haikuwa sababu yangu. Nilichoogopa ni Bibi kuingia bustanini mwangu na kuona nafasi ya miche.

Ijumaa asubuhi aliniita kutoka upande wa pili wa ua wa michongoma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hebu njoo uone."

Majani ya juu ya miche yake yote 18 yalikuwa na madoa, na matunda mabichi yalikuwa yameanza kuvaa rangi ya kahawia mabegani. Aliniuliza kama kwangu kulikuwa salama. Nikamwambia kwamba kwangu ilianza Jumatano. Alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na pakiti ya dawa ya ukungu iliyokuwa haijafunguliwa, akaiweka ukingoni mwa kibaraza. Dawa ile hulinda jani ambalo ugonjwa haujaliingia, na Jumatano huenda majani yake yalikuwa bado safi. Siwezi kuapa kwamba ugonjwa ulitoka kwangu, kwa kuwa upepo wa wiki ile ungeweza kuuleta kutoka shamba lolote la viazi mlimani, lakini zile siku mbili zilikuwa haki yake na mimi nilizikalia.

Hakunigombeza. "Kalete jembe," alisema.

Jumamosi, sikukuu ya Uhuru, tuling'oa miche yote 58. Ilikuwa imelowa mno isiweze kuchomwa, kwa hiyo nilichimba shimo linalonifika magotini, mbali na lundo la mboji, tukaizika humo. Tuliviosha vijiti vyote vya kuegemezea miche kwa sabuni na kutupa kamba za kuifungia. Alipofika kwenye matuta yangu, Bibi alipima kwa shubiri mashimo yaliyoachwa na mizizi, kutoka moja hadi jingine, kisha akanitazama, akaendelea na kazi.

Jumapili jioni tulikuwa tena wanne kibarazani. Ndugu wa fundi walikuwa wamepatikana wakiwa hai. Baada ya chai, Bibi aliuliza habari za bustani kama ilivyokuwa desturi yake, ila safari hii aliomba nianze mimi. Nikaanza na Jumatano.