Asubuhi Mto Njoro Uliponyamaza

Februari 2009, mwaka ule wa ukame, nilikuwa mwanafunzi Njoro, Kenya. Kila wiki nilishuka mtoni kuhesabu wadudu waishio majini, na kimia, karai jeupe na gambuti za kuazima, hadi penye mawe ambapo maji yatokayo nyanda za juu za Mau hupita kwa kishindo. Unakoroga changarawe kwa miguu, kimia umekitega upande yanakoelekea maji, kisha unamimina karaini uone ulichopata.

Asubuhi hiyo nilijua kuna jambo kabla sijaufikia mto, maana sikuusikia. Mtu alikuwa ameuziba huko juu kwa magunia ya mchanga ili pampu yake ivute maji ya kabichi. Kabichi zinahitaji maji, najua. Lakini kuuziba mto mzima? Chini yake yalibaki madimbwi tu.

Niliinua jiwe. Wiki iliyotangulia lilikuwa na nyavu ndogondogo za hariri, kazi ya buu anayekaa nyuma ya mtego wake akingoja mkondo umletee chakula. Sasa zilikuwa zimelala kama utando wa buibui ulionyeshewa. Mabuu ya usubi, ambayo hujishikiza mwambani na kuchuja maji yanayopita, sikuona hata moja.

Chini ya jiwe walikuwa wamesongamana wadudu bapa wenye mikia mitatu, wadogo kama punje ya mchele. Nikawatia karaini. Matamvua ya ubavuni mwao, wanayopumulia, yalikuwa yakipepea mbio mbio. Mkondo ndio huwaletea oksijeni. Maji yakisimama, mdudu hulazimika kuyasukuma mwenyewe, na yakipata joto oksijeni huzidi kupungua. Nikayakoroga polepole kwa kidole. Matamvua yakapunguza kasi. Nikaacha, yakaanza tena. Nilirudia mara tatu, nne, moyo ukiniuma.

Kwenye tope la dimbwi, mabuu mekundu yalijipinda bila taabu. Wekundu ule ni hemoglobini, kitu kinachobeba oksijeni kwenye damu, nayo huyawezesha kuishi penye hewa haba.

Mzee aliyekuwa akinywesha mbuzi akanikaribia.

“Kijana, unatafuta nini?”

“Wadudu wa mto, mzee. Wanakosa pumzi.”

Akalitazama karai kwa muda. “Huko juu, kabla ya magunia, maji bado yanatembea. Wapeleke.”

Sikuandika hesabu yoyote siku hiyo. Nilipanda na karai, maji yakinimwagikia suruali, nikaliinamisha kando ya jiwe lililokuwa likipigwa na maji. Mmoja alisombwa kidogo, akanasa kwa kucha zake, akageuza kichwa kuelekea yanakotoka maji, akatulia.