Maandishi ya Kiswahili kwa Sahib Bibi Aur Ghulam: neno la Chhoti Bahu limepatikana

Naitafsiria filamu ya Kihindi, Sahib Bibi Aur Ghulam, maandishi ya chini ya skrini, na wiki tatu nimekwama kwenye neno moja. Jana usiku limekaa sawa.

Neno ni Chhoti Bahu, yule mke mpweke anayeigizwa na Meena Kumari katika jumba la makabaila wa Calcutta, anayemngoja mume ambaye kila jioni huenda kwa wacheza ngoma. Karibu kila anayezungumza naye humwita hivyo, kwa hiyo nikikosea hapo nimeiharibu filamu nzima.

Nilianza na "Bi Mdogo". Fupi, linasomeka upesi, lina heshima. Nikamwonyesha shangazi yangu nusu saa ya kwanza aliyomo, akauliza, "Na bi mkubwa wake yuko wapi?" Nikaishiwa nguvu. Kumbe nilikuwa nimemtia mke mwenza ambaye hayumo! Yeye ni "mdogo" kwa sababu mumewe ndiye ndugu mdogo, basi. "Bibi" nako ni hatari, wengi watasoma nyanya. "Mke wa Bwana Mdogo" ni refu mno. Bhoothnath, kijana anayezungumza naye, keshanyamaza, maandishi bado yapo.

Jibu lilikuwa kwetu siku zote: mkazamwana. Bahu ni hilo hilo, mke wa mtoto wetu, neno la watu wa upande wa mume. Panapohitajika kumtenga na wake wa kaka zake mume naongeza "mdogo", kwingine halihitajiki. Nilipomrudishia shangazi, swali lake likawa jingine: "Jina lake hasa ni nani?" Nimepitia mistari yangu yote, hakuna anayemwita kwa jina. Nyumba nzima inamjua kwa cheo chake tu. Upweke wake umo humo, nami nilikuwa karibu kuufuta.

Kuhusu programu za kuandalia maandishi: Subtitle Edit inanihesabia herufi kwa sekunde, na kwa Kiswahili chenye maneno marefu hiyo ni nusu ya kazi. Aegisub naipenda kwa kupanga nyimbo, mawimbi ya sauti yanaonekana vizuri.

Wiki hii nilipanga kumaliza sehemu za Ghadi Babu, mzee wa saa. Sijazigusa. Nilifika wimbo "Na jao saiyan" ulioimbwa na Geeta Dutt, mkazamwana akimsihi mume asiondoke, nikaona tafsiri ya kawaida inaiua. Mombasa tumelelewa na taarabu yenye mahadhi ya Kihindi, Juma Bhalo ametuzoesha. Kwa nini maneno yake yasisomeke kama shairi? Saiyan, yaani mpenzi, amekuwa "laazizi", na limekaa kama lilizaliwa hapo. Mstari wa kwanza umekubali mizani nane kwa nane. Wa pili bado unazidi mizani moja, na kila neno ninalotaka kulitoa ndilo lenye kilio.