Peugeot ya Kikwajuni

Mwaka 1997 baba alikusanya milioni moja na laki moja, akazitia kwenye bahasha ya kaki, akaanza kutafuta gari. Alitaka itakayobeba nguo za biashara ya mama siku za kazi, na sisi watoto sita siku ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Kwa mawazo yake gari hiyo ilikuwa moja tu: Peugeot 504 ya mgongo mrefu, ile yenye viti safu tatu. Dalali akatwambia ipo Kikwajuni, mjini Unguja, ya mjane aliyekwisha toka eda, imekaa chini ya mkungu tangu marehemu aanze kuugua.

Tulikwenda na ami yangu, fundi wa gereji Saateni. Nilikuwa na miaka 16, kazi yangu kushika tochi. Ami alitaka tufike asubuhi, injini ikiwa baridi. "Gari iliyokwisha pashwa moto inajua kusema uongo," alisema.

Dalali alianza kuisifu: ndiyo gari iliyoshinda Safari Rally. Ami akamjibu kwa upole kwamba 504 ya ushindi wa 1978 ilikuwa ya milango miwili na injini ya V6, basi hii tuitazame kama ilivyo.

Rangi ilikuwa mpya, nyeupe, inang'aa. Ami hakuijali. Alitoa mfukoni sumaku ya spika mbovu aliyoifunga kitambaa, akawa anaibandika kuanzia boneti kurudi nyuma. Ilinata vizuri mpaka chini ya mlango wa nyuma. Pale ikateleza, ikamwangukia mkononi. Akaibandika tena, ikaanguka tena. "Hapa pana puti. Bati limekwenda."

Akapima shibiri kutoka tairi la nyuma hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Stesheni wagoni ya 504 ina springi mbili mbili kila upande nyuma. Moja ikivunjika gari hulala. Zilikuwa sawa. Kisha akalala mchangani na bisibisi, nami nikammulikia. Gari hii haina chesisi ya peke yake kama lori, bodi ndiyo mgongo wake, na kwetu hewa ya bahari huula mgongo huo kimya kimya. Aligonga mihimili ya chini, ko, ko, ko, sauti kavu. Alipofika chini ya miguu ya dereva sauti ikawa ya boksi lililoroa, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Tuliponyanyua zulia ndani, niliona majani ya chini kupitia tundu la ukubwa wa kisahani.

Ilipowashwa ilitoa moshi wa buluu, mzito, ukajaa uwanja mzima.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani. "Ndiyo hivyo, mwanangu. Nimeshaambiwa injini imekufa. Nipeni laki tisa muichukue."

Moyo wangu uliruka. Baba alishapeleka mkono kwenye bahasha. Ami alibaki nyuma ya ekzosi akingoja. Moshi ukapungua, ukakatika. Akakanyaga mafuta mara tatu: hakuna kitu. Akafungua kifuniko cha oili, injini haikupumua moshi hapo.

"Bi mkubwa, injini haijafa. Zingekuwa ringi za pistoni, moshi ungeendelea, na ungezidi nikikanyaga. Huu wa kuwasha tu ni sili za valvu, oili inachuruzika usiku. Ni kazi ya siku moja."

Akatoa daftari. Nzima ya namna ile mjini ilikuwa ikiuzwa 1,800,000. Akapunguza gharama za matengenezo: sakafu 250,000, mlango wa nyuma 100,000, tairi mbili 100,000, sili 60,000. Ikabaki 1,290,000.

Baba alimvuta pembeni. "Umekuja na nani wewe?"

"Nimekuja na wewe, kaka. Lakini ubovu wake nimeutaja mbele yake mmoja mmoja. Uzuri niufiche?"

Walikubaliana 1,250,000, laki moja na nusu ilipwe baada ya miezi miwili. Mimi nilinuna mpaka Michenzani. Niliona ami ametupokonya laki tatu na nusu. Leo nikienda kutazama gari ya mtu huchukua sumaku, na huchukua daftari lenye safu mbili, ya ubovu na ya uzuri, kwa sababu sijaona njia nyingine ya kuifikia bei bila kumwibia mtu.

Sakafu ilitugharimu 270,000. Sili hatukubadilisha kwa muda mrefu. Kila alfajiri ilitoa moshi wake, ukakatika, tukaondoka.

Deni nililipeleka mimi. Mjane aliniuliza kwanza habari za mama, kisha za gari.

"Na moshi?"

"Asubuhi tu, bibi. Dakika moja."

"Asubuhi tu," alirudia, akakaa barazani kuhesabu noti.