Nilivyoingia kwenye taftishi ya bei ya maji na karatasi moja ya hesabu

Mi ni mama mwenye nyumba, sio tajiri, nyumba yenyewe niliachiwa na marehemu mama, vyumba sita uani kila chumba na familia yake, wakati huo bomba moja, mita moja, na choo cha shimo ambacho kikijaa tunaita gari. Mbele kuna kiduka changu ndo nashinda humo. Mji siutaji maana bado naishi hapa na mafundi wa maji wananijua, ila ni mji wa mkoani tu kama mingine.

Mwaka juzi kuelekea mwishoni likapita gari la matangazo na spika yake, nasikia "wananchi wote mnakaribishwa kwenye mkutano wa taftishi", nikajua labda chanjo au mambo ya vitambulisho. Hilo neno taftishi nilikua sijawahi kulisikia popote. Jioni mwenyekiti wa mtaa akapita dukani kununua vocha nikamuuliza, akasema aah hiyo ni mamlaka ya maji wanataka kupandisha bei, EWURA (wale wadhibiti wa serikali wa huduma za nishati na maji hapa Tanzania) wanakuja kusikiliza watu, we njoo tu mama, soda zitakuwepo. Soda hazikuwepo, niliseme hilo mapema.

Kawaida yetu bei ya kitu ikipanda tunamkimbilia diwani, na mimi nikaanza huko huko. Diwani wangu ni mtu muungwana, akanikalisha, akaniambia dada yangu hili halipiti kwenye baraza la madiwani, utapoteza muda wako hapa. Ndo akanielewesha njia yenyewe inavyokwenda. Mamlaka ya maji inaandaa maombi yake na mpango biashara wa miaka mitatu, bodi yao inapitisha, yanaenda EWURA. EWURA nao hawawezi kubadili bei kimya kimya, sheria yao ya Sura 414 kifungu cha 19 inawataka wafanye taftishi kwanza, yaani wachunguze kama maombi yana mashiko, wawaite watu wasikilize, wapokee na maoni ya maandishi, ndo bodi ya EWURA ikae iamue. Kumbe ule mkutano wa gari la matangazo sio hisani ya mtu, upo kisheria, na mimi miaka yote nalipa bili sijui.

Nikajiambia kama wameandika maombi basi yapo kwenye karatasi, na karatasi inasomeka. Kesho yake nikafunga duka nikaenda ofisi za mamlaka. Dada wa mapokezi akaniambia hiyo ni ya ndani mama. Nikamwambia mwanangu, ya ndani vipi wakati mnatuita tuje kuichangia? Akanielekeza kwa afisa uhusiano, afisa uhusiano yupo kikaoni, nikakaa kwenye benchi mpaka saa saba, kikao hakijaisha, nikarudi zangu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu sikwenda, maana nilishahesabu hasara ya kufunga duka.

Aliyenisaidia ni mpangaji wangu wa chumba cha nne, kijana anasoma uhasibu, yeye akaniambia mama kuna watu wanaitwa EWURA CCC, ni baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za nishati na maji, kazi yao ni kutusemea sisi wateja na hawadai hela. Tukawatafuta kwa simu, tukaongea na kaka mmoja mstaarabu sana, na ndani ya siku mbili yale maombi yakaingia kwenye simu ya kijana, kurasa sijui themanini na ngapi. Kwa hiyo kama umezungushwa na ofisi moja usikae kwenye benchi kama mimi, piga simu kwa hawa kwanza.

Kusoma ile kitu ni kazi. Kuna kurasa za sifa, kuna picha za matenki, kuna majedwali. Tukagawana, kijana akachukua majedwali mi nikachukua maneno, usiku baada ya kufunga duka tunakaa kibarazani na chai. Siku ya kwanza sikuelewa kitu nikalala. Siku ya pili nikafika kwenye jedwali la bei na hapo usingizi ukakata.

Bei zetu zipo kwa ngazi. Wakati huo mteja wa nyumbani uniti tano za kwanza alikua analipa sh 1,200 kila uniti, kuanzia ya sita mpaka ya kumi na tano sh 1,450, zaidi ya hapo sh 1,700. Uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50 za lita ishirini. Walichoomba ni ngazi ya kwanza iwe 1,500, ya pili 1,900, ya tatu 2,300. Na wameandika kwa maneno mazuri kabisa kwamba ngazi ya kwanza wameiweka chini ili kumlinda mwananchi wa kipato cha chini.

Sasa mwananchi wa kipato cha chini anaishi wapi? Anaishi uani kwangu! Familia sita, na kwa mwezi mita yangu ilikua inasoma kama uniti 30, ina maana kila familia inatumia uniti tano, ndoo nane kwa siku, kupika kuoga kufua watoto wote humo humo. Kila familia peke yake ni ya ngazi ya kwanza kabisa. Lakini mita haijui kwamba tuko familia sita, mita inaona mtu mmoja anaetumia uniti 30 kama ana bustani na gari tatu za kuosha. Kijana akaandika kwenye karatasi: kwa bei waliyoomba bili yangu itatoka sh 46,000 mpaka sh 61,000. Tukigawana ni sh 10,166 kila familia. Jirani yangu hapo pembeni ana mita yake, yeye na mkewe, uniti tano, atalipa sh 7,500. Maji yale yale, ndoo zile zile, mpangaji wangu wa chumba kimoja anamzidi huyo jirani mwenye mita yake. Na ukiangalia hata kwenye bei za zamani ilikua hivyo hivyo, 7,600 na kitu kwa 6,000, ni vile tu hakuna mtu alikaa na kalamu.

Jambo la pili ni upotevu. Maombi yao wenyewe yanasema katika kila uniti 100 wanazozalisha 36 hazilipiwi, zinavuja njiani au zinaibiwa au mita mbovu. EWURA kwenye mambo yao wanataka upotevu usizidi asilimia 20. Hawa wanaahidi baada ya miaka mitatu watafika 33, sio 20 jamani, 33. Kijana akapiga hesabu, leo wanaolipia ni uniti 64 katika 100, wakishusha upotevu ukafika 30 watakua wanalipwa 70, hiyo peke yake ni nyongeza ya mapato kama asilimia 9 bila kumgusa mtu bei. Nilipenda sana hiyo hesabu, nikaisoma mara tatu kwa sauti niikariri.

Mkutano ulikua ukumbi wa halmashauri, tangazo linasema saa tatu asubuhi, tulianza saa tano kwasababu ya kumsubiri mgeni rasmi. Hotuba, itifaki imezingatiwa, makofi. Mamlaka wakawasilisha na projekta, haraka haraka, lile jedwali la upotevu likapita kama basi la mkoani. Halafu ndo wananchi.

Niseme ukweli watu wangu waliniangusha kidogo. Mzee mmoja alisimama akasema maji yanatoka mara mbili kwa wiki saa nane usiku sasa mnapandisha nini, bei ya upepo? Ukumbi ulilipuka, hata mi nilipiga makofi, na alichosema ni kweli tupu. Lakini niliangalia meza ya mbele kule wanakoandika, nikaona kalamu hazitembei. Baada yake wakaja watu kumi na zaidi wote wanasema hilo hilo, maisha magumu, maji hamna, hatutaki. Nafikiri wale waandishi walishaandika "wananchi wamelalamikia mgao" mstari mmoja wakamaliza.

Walioandikwa ni wachache. Kuna mama anauza maji kwenye gati, lile bomba la umma la kuchotea kwa ndoo, akasema yeye ndoo anauza sh 50, akaomba watu wapige wenyewe hesabu, ni sh 2,500 kwa uniti, kwa hiyo wanaosema bei ya nyumbani isipande kabisa wajue kuna ambao hawajaunganishiwa maji na wanalipa zaidi ya wote siku zote, na wanasubiri hilo bomba litandazwe kwa hela hiyo hiyo ya bili. Aliniumiza kichwa yule mama kwasababu mi nilikuja nimejipanga kupinga tu. Mwingine ni kaka mwenye gari la kunyonya majitaka. Watu wengi hatukujua kwamba kwenye maombi yale yale kulikua na tozo ya kumwaga majitaka kwenye mabwawa, inatoka sh 10,000 kwa safari inaenda 20,000. Akasema mimi sitailipa, ataelipa ni mteja, na mteja akishindwa atasubiri mvua atapishe choo mtaroni, na yale maji yanashuka kwenye mto ambao mamlaka wana pampu yao. Hapo kalamu zilitembea.

Zamu yangu ikafika, dakika tatu. Nilitetemeka mpaka karatasi inasikika kwenye maikrofoni. Sikusema hatutaki. Nikasema kuna ukurasa fulani mmeandika mnamlinda mwenye kipato cha chini, naomba mnioneshe kwa bili yangu, nikawasomea 46,000, nikawasomea 61,000, nikawasomea 10,166 kwa 7,500. Nikaomba mambo mawili, ama nyumba ya wapangaji ihesabiwe kwa idadi ya familia, ama tupewe mita za kila familia kwa mkopo tulipe kidogo kidogo kwenye bili. Ya upotevu nilianza tu dakika zikaisha, nikakatwa. Iliniuma maana ndo niliyoikariri.

Ila yule kaka wa EWURA CCC alishaniambia kwenye simu kwamba kuongea ukumbini ni nusu ya kazi, maoni ya maandishi yanapokelewa hata baada ya mkutano mpaka tarehe waliyotangaza na yana uzito ule ule. Hiyo ndo siri ambayo wengi pale ukumbini hawakuwa nayo, walimaliza hasira wakaenda nyumbani. Sisi tukaandika kurasa mbili, za kwetu na ile ya upotevu, kijana akachapa, tukaambatanisha nakala za bili za miezi sita, na wapangaji wote sita wakaweka sahihi na baba mmoja akaweka dole gumba. Tukabakiza nakala moja tukagongewa muhuri wa kupokelewa. Hao EWURA CCC nao walipeleka maoni yao, na kuna baraza jingine la ushauri la serikali nalo linatoa maoni, hayo sikuyaona yote.

Kisha kimya. Miezi ikapita, nikajua ndo imetoka hiyo. Siku moja kijana ananionesha simu, agizo la EWURA limetoka. Bei imepanda, nisidanganye mtu, lakini sio kama walivyoomba: ngazi ya kwanza 1,350, ya pili 1,650, ya tatu 1,900. Tozo ya magari ya majitaka imepanda nusu ya walichotaka. Kwenye masharti mamlaka wamepewa lengo la upotevu gumu kidogo kuliko lile la kwao, na kuna kipengele kwamba nyumba yenye familia zaidi ya moja ikiomba mita za kutenganisha iunganishiwe na gharama ilipwe kwa awamu. Ile ya kuhesabu kwa idadi ya familia haikupita. Siwezi kusema ni karatasi yangu, labda walikua wameshaliona wenyewe, labda wengine waliandika kama mimi, ila wapangaji wangu wameshaamua kwamba ni mimi na siwabishii.

Kwa bei mpya na mita moja bili yangu ingekua sh 51,750. Niliomba mita zote sita siku ile ile, nikabeba na nakala ya agizo nikaiweka juu ya meza kabla hawajaniambia fulani yupo kikaoni. Tatu wameshafunga. Vyumba vitatu vyenye mita zao ni sh 6,750 kila kimoja, vitatu vilivyobaki kwenye mita ya zamani jumla yao 23,250, ukijumlisha uani kote ni 43,500, chini ya tulivyokua tunalipa kabla bei haijapanda. Kuna makato ya mkopo wa mita juu yake lakini yana mwisho.

Tatu zilizobaki naambiwa mita hazipo stoo, huu mwezi wa nne sasa, na mpangaji wa chumba cha tano ananinunia kila akipita dukani kwasababu wa chumba cha pili kapata yeye bado. Jumatatu naenda tena.