Siku moja maishani mwangu: kuandika nilimaliza, kuuza ndo sijamaliza

Watu wakisikia mimi mwandishi wanadhani nashinda dirishani na kikombe cha chai nasubiri maneno yashuke. Ngoja niwape Alhamisi yangu iliyopita.

Saa 10 na nusu alfajiri niko sakafuni nafunga vifurushi sita vya mikoani. Nailoni kwanza, halafu khaki, halafu seloteo kila kona, maana masika moja nilituma bila nailoni kitabu kikafika kimevimba kama andazi, hasara ikawa yangu. Saa 12 kasoro Stendi ya Magufuli pale Mbezi, nakabidhi, napiga picha risiti na namba ya basi namtumia kila mteja, narudi zangu Kimara.

Saa 2 ni status. Hapa nimesomea kwa makosa yangu mwenyewe: picha ya kava inapata like, lakini kinachouza ni kipande cha ukurasa, na ukikate pabaya, pale mhusika anafungua mlango na hujasema nani yuko nje. Shangazi yangu kaniuliza kwa hiyo wewe huna jambo lingine la kupost? Sina shangazi, nina nakala 300 chini ya kitanda.

Saa 4 nimepanda mwendokasi hadi Posta kufuatilia duka nililoacha vitabu 20 mali kauli. Vimeuzwa 17 kwa 15,000, wao wanakata asilimia 35, yangu ni 165,750. Mhasibu hayupo, njoo tarehe 15. Hata mwezi jana hakuwepo. Hadi sura yake siijui.

Sasa saa 6 ndo anaanza yule kaka. Tangu Jumatatu ananiandikia "dada mwandishi nakihitaji sana hicho kitabu". Bei imeandikwa kwenye picha ila anauliza bei. 15,000. Mbona ghali, kina kurasa ngapi? 208. Kwa hiyo ukurasa mmoja shingapi? Na mimi mjinga nikapiga hesabu kweli, kama shilingi 72 kaka. Punguza basi, mimi si wa kwako. Nikasema haya 13,000. PDF huna? Maana hiyo haina gharama ya kuchapa. Jamani PDF, niliwahi kumpa mtu mmoja tu, wiki tatu baadaye ikanirudia kwenye grupu la mtaani eti someni riwaya nzuri, tumuombee mwandishi! ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, nimeifuata kwa miguu yangu Maktaba Kuu, mhariri nimemlipa, kava nimelipa, halafu naombewa.

Tukakubaliana Ubungo, kituo cha mwendokasi, saa 8. Saa 8 niko pale juani na begi la vitabu mgongoni. Niko njiani dada. Saa 8 na dakika 40, foleni dada. Baada ya hapo simu inatumika, inatumika, haipatikani, nimeshahamia kwenye kijiwe cha mama wa juisi nakunywa ya ukwaju ya 500 ili nisifukuzwe kivulini, ndo anapiga, eti nimepitiliza nipo Segerea, mpe boda aniletee. Nani analipa boda? Kimya. Halafu anauliza, kwani hicho si cha ujasiriamali? Nikamwambia kaka hii ni riwaya, na kwenye status nimeandika riwaya. Aaah mimi hadithi sisomi, nilitaka kukusapoti tu, ila usijali nitakushea kwa washkaji.

Nadhani nilisonya kwa sauti kwa sababu mama wa juisi akauliza vipi mwanangu, nikamtolea kitabu, nikamsomea kurasa mbili za mwanzo huku anaosha glasi. Akasema huyo mwanaume muongo, lete hicho. Ametoa 5,000, iliyobaki Jumamosi. Na mimi nikampa mali kauli, bila mhasibu.

Kuanzia hapo saa sikuangalia tena. Nimejibu meseji, nimepika, nimegombana na mchapaji kuhusu bei ya toleo la pili maana ukichapa chache kila nakala inapanda na ukichapa nyingi hela huna, miguu inawaka moto.

Nipo kitandani simu inalia, mteja wa Dodoma, kifurushi kilifika mchana na ameshaanza. Dada, kurasa 97 mpaka 112 zipo mara mbili, halafu inaruka mpaka 129. Nikajua hapo hapo, kurasa hukunjwa 16 kwa pamoja, fungu moja limepachikwa mara mbili na la pili limesahaulika kiwandani. Nikamwambia kesho nakutumia kingine bure. Akasema kesho mbali dada, nimeishia pale anafungua mlango.

Nikawasha taa, nikatandaza nakala yangu sakafuni, nikaanza kumpigia picha ukurasa mmoja mmoja kuanzia 113. Kila nikituma tiki zinageuka bluu hapo hapo. Nilipofika 119 nikanyoosha mgongo kidogo, akaandika "usilale".