Herufi nne pembeni

Leo asubuhi nimemsindikiza baba uwanja wa ndege, anarudi Mombasa. Pasi yake ya kupandia imetoka na herufi nne pembeni: SSSS.

Ni ukaguzi wa ziada. Wengine huupata kwa bahati mbaya tu, lakini wenye majina ya Kiislamu kama yetu hapa Marekani tumeuzoea.

Nikiwa nyuma ya kamba, nikaona kofia yake ya viua inapapaswa mshono kwa mshono.
Aliporudishiwa aliipangusa kwa kiganja, akaivaa taratibu.
Hakusema neno.

Mwaka 2016, baada ya watu 49 kuuawa kwa risasi Orlando, Seneti ya Marekani ilikataa kuwazuia waliomo kwenye orodha za washukiwa wa ugaidi wasinunue bunduki. Nilikasirika mno. Bunduki hapa zinapatikana kirahisi, hilo sijabadilika.

Lakini orodha yenyewe, hiyo inayoweza kukuletea S nne! Kwa kawaida serikali haithibitishi wala haikanushi kama umo. Hata Seneta Ted Kennedy alisumbuliwa kwenye viwanja vya ndege mwaka 2004, jina lake limefanana tu na la mshukiwa.

Mtu akinyimwa haki, apelekwe mbele ya hakimu ajitetee.

Ndugu zangu, nyie mnaonaje? Na nani mwingine mzee wake amepata hizo S nne?