Baada ya Wimbo wa Ushindi

Somo: Kutoka 15:1–27, Yakobo 5:4

Wapendwa katika Bwana,

Mwaka 1588 Mfalme Philip II wa Hispania alituma meli zipatazo 130 kuivamia Uingereza. Zilitakiwa zifike pwani ya Flanders, ambako leo ni Ubelgiji, zilisindikize jeshi la Duke wa Parma, jemadari wa Philip, kuvuka bahari, kisha Malkia Elizabeth wa Kwanza aondolewe. Hispania ndiyo iliyokuwa dola kubwa ya Ulaya. Waingereza nao walikuwa na meli nyingi, tusidanganyane, lakini nyingi zilikuwa za wafanyabiashara. Za malkia mwenyewe hazikufika 40.

Usiku mmoja wa Agosti, Wahispania wakiwa wametia nanga karibu na Calais, bandari ya Ufaransa, Waingereza waliwasha moto meli zao nane wakaziachia upepo na mkondo wa maji ziwaendee adui. Manahodha wa Hispania wakakata kamba za nanga na kutawanyika gizani. Kulipokucha wakapigwa mizinga karibu na Gravelines, upepo ukawasukuma kaskazini, ikabidi wazunguke Scotland na Ireland ili warudi kwao. Dhoruba za huko zikamaliza kazi.

Uholanzi ikatolewa medali yenye jina la Mungu kwa Kiebrania na maneno kwamba Yehova alivuma, nao wakatawanyika. Ni kama wimbo wa Musa baada ya jeshi la Farao kuzama: “Ulivuma kwa upepo wako, bahari ikawafunikiza.” Kumbuka Wahispania nao walisafiri na bendera iliyobarikiwa, yenye maneno ya Zaburi 74 yakimsihi Mungu ainuke ajitetee. Upepo ule ulikuwa wa nani, mimi sithubutu kuamua. Mwaka uliofuata Waingereza walipeleka meli zao Lisbon, mji uliokuwa chini ya Philip, wakarudi wameshindwa.

Linaloninyima raha ni Margate, mji wa pwani ya Uingereza. Huko ndiko mabaharia wengi wa Uingereza walikoshushwa baada ya vita. Mizinga ya Wahispania ilikuwa imewaua wachache tu. Sasa maradhi yakawafagia kwa maelfu, nguo zimewaozea mwilini, mshahara haujalipwa. Mkuu wao, Charles Howard, alimwandikia Lord Burghley, mtunza hazina wa malkia, kwamba moyo wa mtu yeyote ungeumia kuwaona watu waliotumika kwa ushujaa wakifa kwa taabu kiasi kile. Burghley naye, katika barua yake ya siku hizo hizo, alikuwa akipiga hesabu kwamba vifo na kuachishwa kwa wagonjwa vingepunguza kidogo fedha ya kulipa. Mtu aliyekufa hadai.

Novemba malkia akaenda kanisa la St Paul's, London, kwa ibada ya shukrani. Sina shaka waliimba kwa moyo. Baadaye ukaanzishwa mfuko wa kuwasaidia mabaharia waliolemaa, kule Chatham, na fedha zake zikawa zinakatwa kwenye mishahara ya mabaharia wenyewe.

Sasa rudi kwenye Kutoka 15. Sisi huusoma wimbo ule mpaka matari ya Miriamu, tukafunga kitabu. Sura inaendelea. Siku tatu baada ya kuvuka, watu wana kiu, maji ya Mara ni machungu, wananung'unika. Bwana hakuwaambia, “Jana tu niliwapasulia bahari, leo mnalia maji?” Alimwonyesha Musa mti, maji yakawa matamu. Kisha akawafikisha Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70. Aliyemzamisha Farao ndiye huyo huyo aliyeshughulikia koo zilizokauka.

Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Nikiusoma mstari huo nawafikiria watu wetu: fundi aliyemalizia paa la kanisa na bado anaambiwa “njoo wiki ijayo, fundi”, mama zetu waliopika siku zote za mkutano wa injili, mlinzi aliyelala nje na vyombo vya muziki. Siku ya kuweka wakfu tunamvisha mgeni rasmi taji la maua. Fundi yuko nyuma kabisa, kama amekuja.

Jumapili ya shukrani inakaribia. Naomba wazee wa kanisa na mhazini wakae kabla ya siku hiyo, waandike majina ya wote tunaowadai “uvumilivu”, na malipo yao yatoke kabla hatujakodi viti na maturubai. Na kwaya itakayopewa wimbo wa Musa, msomaji wake asiishie aya ya 21. Aendelee mpaka Elimu.